Taa za mkweche nusura zinipeleke jela

MSOMAJI wangu, leo naanza kwa kukiri kosa. Mwezi Agosti mwaka 2022 nusura niue mtu.

Sikuwa nimelewa. Sikuwa nakimbizana na basi, wala sikuwa nachezea simu. Nilikuwa nimekaa kwenye usukani kama mtu mzima na familia yake, mikono miwili, mkanda kifuani, spidi sabini na kitu. Kosa langu lilikuwa moja tu: nilikuwa naendesha gari ambalo halioni.

Gari lenyewe ni Volkswagen, yale ya mgongo wa kobe, la mwaka 1970. Injini nyuma, buti mbele, betri chini ya kiti cha nyuma. Nilirithi kwa baba mdogo, na nyumbani tunamwita Kobe. Mtaani wana majina yao mengine ambayo mhariri wangu hawezi kuyachapa.

Mchana Kobe ni bwana harusi. Nikikatiza Kinondoni watoto wananipungia, akina dada wanaomba kupiga picha wameegemea bodi, na wazee wananisimamisha kwenye foleni kunisimulia la kwao walilouza wakalijutia. Dereva wa gari jipya la vioo vyeusi anapita hapo hapo, hakuna hata mmoja anayegeuka. Raha tupu!

Usiku sasa. Hapo ndipo ilipo kasheshe.

USIKU WA SENDOFU

Tulikuwa tunatoka Morogoro kwenye sendofu ya binti wa shangazi. Nilikuwa na mdogo wangu wa kike, viatu kavua, miguu kaiweka juu ya kiti, anakula mabaki ya keki. Tuliondoka saa mbili usiku. Baba alipiga simu akatuambia tulale huko huko, tukajifanya mtandao unakatika. Ujana huo.

Taa za Kobe zilikuwa za njano, kama vibatari viwili vilivyofungwa mbele. Nilizizoea. Nilikuwa najiambia kuwa magari ya zamani ndivyo yalivyo, na kwamba wazee wetu walizunguka nchi nzima na taa hizo hizo. Hilo la wazee lilikuwa la kujifariji tu, na nitakueleza kwa nini.

Tulipoipita Bwawani kuelekea Ubena Zomozi, likaja lori usoni, taa kubwa zote zimewaka. Nikampigia taa ashushe. Wapi! Alipopita, macho yangu yakabaki na madoa meupe na barabara ikawa shimo. Mdogo wangu akapiga ukelele:

"Kaka! Mtu!"

Baiskeli. Magunia mawili ya mkaa nyuma, taa hana, hata kile kidude chekundu cha kuakisi hana. Anakwenda upande wangu, mgongo kanipa. Nilimwona akiwa karibu kiasi cha kusoma maandishi kwenye gunia. Nikakata usukani, matairi yakalia, Kobe akayumba kama mlevi, nikasimama upande wa pili wa barabara. Kama kungekuwa na lori la pili nyuma ya lile la kwanza, safu hii ingeandikwa na mtu mwingine.

Nikarudi mbio. Mzee wa watu alikuwa amejitupa majanini na baiskeli yake, goti limechubuka, mkaa umemwagika. Ni umri wa baba yangu kabisa. Nikamwamkia huku natetemeka, nikamwomba radhi, tukaanza kuokota mkaa watatu, mdogo wangu na gauni lake la sendofu. Nilitegemea matusi. Mzee akanitazama kwa utulivu, akasema:

"Mimi nilikuona tangu uko kule kwenye mteremko, mwanangu. Taa zako nilizigeukia mara mbili. Nikajua na wewe umeniona."

Basi. Maneno hayo nilikwenda nayo mpaka Dar, spidi arobaini, na mdogo wangu hakuongea hata neno. Anayetembea gizani huiona taa ya gari kutoka mbali sana, akadhani na dereva kamwona. Kumbe dereva mwenye taa mbovu humwona akiwa amebakiza hatua chache.

Fanya hesabu ndogo. Gari likiwa kwenye spidi 80 linakwenda mita 22 kila sekunde. Binadamu akishtuka hutumia kama sekunde moja na nusu kabla mguu haujafika kwenye breki. Hizo ni mita 33 zimeshaliwa na breki hujagusa. Halafu ndiyo gari lianze kusimama, na breki za Kobe ni za miaka ya babu. Sasa kama taa yako inakuonyesha mita 40 tu, wewe huendeshi, unabahatisha.

NIKACHEMSHA MARA YA PILI

Kesho yake nikaingia mjini kama askari. Nilijua ninachotaka: globu kubwa kuliko zote. Kijana wa dukani akaniangalia, akaangalia picha ya Kobe kwenye simu yangu, akanitolea boksi. "Hizi ni mia kwa tisini, bro. Ukiwasha hizi unaona mpaka kesho."

Globu zangu za zamani zilikuwa za wati 45 kwenye taa kubwa na 40 kwenye dimu. Mia kwa tisini maana yake wati 100 kubwa, 90 dimu. Mara mbili! Nani angekataa? Nikanunua. Fundi wa kijiweni akazifunga dakika kumi. Fyuzi moja ilipokatika hapo hapo, akachukua karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, akaiviringisha juu ya fyuzi, akairudisha. "Hiyo haikatiki tena, mzee."

Kweli, haikukatika.

Usiku ule nikaenda kujaribu Barabara ya Bagamoyo, kama mfalme. Nusu saa ya kwanza palikuwa pazuri, sikatai. Halafu nikasikia harufu. Kwanza nikadhani kuna mtu anachoma takataka. Harufu ikaongezeka, ikawa ndani ya gari. Nikaona moshi mwembamba unatoka nyuma ya dashibodi, karibu na swichi ya taa. Na hapo hapo, paa! Giza. Taa zote mbili kwa pamoja, mbele yangu bajaji, nyuma yangu daladala inapiga honi.

Niliegesha kwa kubahatisha, nikaruka nje, nikachomoa waya wa betri huku magoti yanagongana. Swichi ya taa ilikuwa imeyeyuka kama pipi. Laiti ingekuwa ule mwendo wa Ubena Zomozi, sijui.

Hesabu yake hata mtoto wa darasa la saba anaifanya. Gawanya wati kwa volti upate ampea. Taa kubwa mbili za zamani, wati 90 kwa volti 12, ni ampea 7 na nusu. Taa mbili za wati 100 ni karibu ampea 17. Nilikuwa nalazimisha umeme zaidi ya mara mbili kupita kwenye nyaya na swichi za mwaka 1970, halafu mlinzi pekee aliyekuwepo, fyuzi, nikamfunga mdomo kwa karatasi ya sigara. Nikija kusema Mungu alinipenda, usibishe.

MZEE WA MITA

Ndipo rafiki yangu mmoja akanipeleka Gerezani kwa mzee anayefanya umeme wa magari tu. Hana bango, hana fulana ya kampuni. Ana benchi, kiti cha mbao, na mita ndogo ya kupimia umeme aliyoifunga kamba shingoni kama refa na filimbi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani kakuchomea gari?"

"Mwenyewe, mzee."

Akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia nimrudishie zile globu zangu za zamani na swichi nyingine ya mtumba, kisha niwashe injini na taa. Nikamwambia mzee, hizo si ndizo mbovu? Hakunijibu. Akaweka mita kwenye betri: volti 13.4. Akaenda mbele, akafungua taa, akaweka mita kwenye globu yenyewe: volti 11.2.

"Umeona? Volti mbili na ushee zimeibiwa njiani. Wewe badala ya kumtafuta mwizi, ulikwenda kununua globu."

Sasa msomaji, hapa nisikilize vizuri, maana hili ndilo lililonifanya niandike. Mwanga wa globu ya waya haupungui sawasawa na umeme. Unaporomoka. Volti ikipungua kwa asilimia 10, mwanga unapungua kwa kama asilimia 30. Kobe alikuwa amepoteza asilimia 16 ya volti, kwa hiyo mwanga wake ulibaki nusu na kidogo tu. Ndiyo ile njano ya kibatari. Gari halikutoka kiwandani hivyo. Wazee wetu walikuwa na taa bora kuliko zangu, kwa sababu nyaya zao zilikuwa mpya.

Nikamuuliza mwizi ni nani. Akasema ni genge. Umeme wa Kobe unatoka nyuma, kwenye betri na dainamo, unatembea gari zima mpaka kwenye swichi ya dashibodi, unapita boksi la fyuzi, ndipo uende kwenye taa. Kila kiungo kinachukua chake. Zile fyuzi za zamani zenye umbo la risasi hushikwa na vibanio viwili vya bati, na vikishika kutu ya kijani ni wanyang'anyi wakubwa. Waya wa bodi, ule wa kurudisha umeme kwenye chuma cha gari, nao ulikuwa umefungwa kwenye bolti iliyooza kwa hewa ya chumvi ya Dar.

"Umeme ni kama maji ya bomba," mzee akasema. "Bomba likijaa kutu, hata ukifunga koki ya dhahabu mwishoni, maji ni yale yale."

KAZI YENYEWE

Siku ya kwanza hatukununua kitu zaidi ya msasa. Mzee alinikalisha chini nikasugua vibanio vya fyuzi kimoja kimoja, nikang'arisha bolti za bodi mpaka chuma cheupe, akaweka fyuzi mpya za ukubwa ule ule wa kiwandani, ampea 8. Akapima tena: volti 12.1 kwenye globu. Karibu volti nzima imerudi kwa msasa! Nilitamani kulia nikikumbuka hela ya globu.

Siku ya pili tukafunga rilei. Usiogope jina. Rilei ni kidude cha ukubwa wa kiberiti, kazi yake ni kama mlinzi wa geti. Zamani umeme wote wa taa ulikuwa unapita kwenye swichi ya dashibodi. Ukiwa na rilei, swichi inapitisha umeme kidogo sana, wa kumwambia mlinzi "fungua". Umeme wenyewe mkubwa unapita njia yake, mpya, fupi, nene, moja kwa moja kutoka kwenye betri hadi kwenye taa. Swichi haichoki tena, haiyeyuki tena.

Rilei nyingi zina miguu minne yenye namba. Mguu wa 30 unapokea umeme kutoka kwenye betri. Wa 87 unaupeleka kwenye taa. Wa 86 unapokea amri ya swichi. Wa 85 unakwenda kwenye bodi. Mzee alifunga rilei mbili, moja ya dimu na moja ya taa kubwa. Akavuta waya wa milimita za mraba 4 kutoka kwenye betri, akaupitisha pembeni chini ya zulia, akaufunika kwa mpira kila unapopita kwenye chuma.

Mambo mawili alinisisitizia, na mimi nakusisitizia wewe. La kwanza, waya huo lazima uwe na fyuzi yake hapo hapo karibu na betri, siyo kule mbele. Waya ukichubuka katikati bila fyuzi mwanzoni, gari linawaka moto. La pili, kila taa iwe na fyuzi yake. "Fyuzi moja ikifa, ubaki na jicho moja," alisema. Nilikumbuka Barabara ya Bagamoyo, nikaitikia kwa kichwa.

Baada ya hapo mita ikasoma 13.3 kwenye betri na 13.0 kwenye globu. Globu zile zile za zamani nilizozitukana! Jioni tukawasha kuelekea ukutani, na mwanga ulikuwa mweupe. Vijana wa gereji ya jirani walikuja kuchungulia wakidhani nimeweka globu mpya.

UGENI UNAOITWA H4

Baada ya waya kupona ndipo mzee aliponiruhusu kununua kitu kikubwa. Globu ya zamani ya Kobe ni ile isiyo na halojeni. Halojeni za magari zilianza Ulaya mwaka 1962, lakini zile za mwanzo zilikuwa na waya mmoja tu ndani. Mwaka 1971 ikaja H4, yenye taa kubwa na dimu ndani ya globu moja, wati 60 na 55. Ndiyo hiyo unayoiona kwenye magari mengi mpaka leo.

Angalia tofauti. Globu ya zamani hutoa kama lumeni 675 kwenye dimu na 860 kwenye taa kubwa. H4 hutoa kama 1,000 kwenye dimu na 1,650 kwenye taa kubwa. Taa kubwa karibu mara mbili, na wati zimeongezeka kidogo tu. Taa kubwa mbili za H4 ni ampea 10, mzigo ambao dainamo la Kobe la ampea 30 linaumudu likiwa linazunguka vizuri. Kwenye foleni injini ikiwa imelala dainamo linazalisha kidogo, hapo usiwashe na redio na feni kwa fujo.

Ila kitako cha H4 hakiingii kwenye taa ya zamani. Zipo halojeni zilizovishwa kitako cha zamani ili ziingie, lakini kile kibakuli cha kuakisi ndani ya taa kilichorwa kwa ajili ya globu nyingine, na mwanga hautulii vizuri. Kama kibakuli chako kimeshaparara na kupoteza ule mng'aro wa fedha, globu yoyote ni kazi bure. Bora ubadilishe taa nzima, kioo na kibakuli chake. Volkswagen za kuanzia Agosti 1967, zile zenye taa zilizosimama wima, zina taa za H4 zinazotengenezwa kwa ajili yao. Wenye Land Rover za zamani na Mini mna nafuu zaidi, taa zenu ni zile za duara za inchi 7, yaani milimita 178, ambazo zipo za kila aina.

MSHALE WA KWENYE KIOO

Hapa ndipo nilipotaka kuchemsha mara ya tatu. Nilipata taa za H4 za mtumba kutoka Ujerumani, safi kabisa, bei ya kirafiki. Nikampelekea mzee kwa mbwembwe. Akazigeuza, akatazama kioo, akanirudishia.

"Hizi ni za wanaopita kulia."

Taa ya dimu haimuliki sawasawa pande zote. Upande wa pembeni mwa barabara, waliko watembea kwa miguu, mwanga hupandishwa juu kidogo ili uwaone. Upande wa katikati hushushwa ili usimpofushe anayekuja. Ujerumani wanapita kulia, kwa hiyo taa yao inapandisha mwanga kulia. Ukiifunga Tanzania au Kenya, tunakopita kushoto, unammulika anayekuja machoni, na mwenye baiskeli aliyeko kushoto kwako unamwacha gizani. Kwa maneno mengine, unamficha mtu yule yule niliyenusurika kumgonga.

Namna ya kutambua ni rahisi. Simama mbele ya taa uitazame usoni. Kioo chenye alama za Ulaya, kikiwa na mshale mdogo unaoelekea mkono wako wa kulia, taa hiyo ni ya nchi za kupita kushoto. Hiyo ndiyo yetu. Kikiwa hakina mshale, ni ya wanaopita kulia. Muuzaji akikuambia "zote ni zile zile", mwage.

MNASEMAJE KUHUSU LED?

Najua vijana mnataka kuniuliza. "Bro, si uweke LED tu umalize?" Nilijaribu za rafiki yangu kwa usiku mmoja, nikaona mbele ya gari panang'aa kama uwanja wa taifa. Lakini mwanga ulikuwa umejaa hapo karibu na matairi, mbali hakuna kitu, na kila gari lililokuja usoni lilinipigia taa likinilaani.

Sababu ni kwamba taa ya H4 imechorwa ikitegemea waya mwembamba uliokaa mahali pamoja kamili ndani ya globu. Ukihamisha chanzo cha mwanga hata milimita kadhaa, mwanga unatawanyika. Wajerumani wenyewe, na ufundi wao wote, waliziruhusu LED za kubadilishia kuanzia mwaka 2020 tu, tena aina zilizopimwa, kwa magari yaliyoorodheshwa. Ile ya kwenye boksi lenye picha ya umeme wa radi haimo. Na zile globu zenye rangi ya bluu zinapendeza kwenye picha, ila rangi ile inakula mwanga. Unalipa zaidi ili uone kidogo.

UKUTA WA JIRANI

Kazi ya mwisho haikugharimu kitu. Tuliegesha Kobe kwenye sakafu tambarare, taa zikiwa mita 5 kutoka ukutani, matairi yana upepo sahihi na mimi nimekaa kwenye usukani. Tukachora mstari wa chaki ukutani kwa urefu ule ule wa katikati ya taa kutoka chini. Tukawasha dimu, tukazungusha skrubu za taa mpaka ukingo wa juu wa mwanga ukae sentimita 5 chini ya mstari. Yaani sentimita moja kwa kila mita. Ukipakia watu nyuma, pua ya gari inainuka na taa zinainuka nayo, kwa hiyo ukisafiri na familia upime ukiwa na mzigo.

Jumla ya gharama zote, taa mpya, rilei, nyaya na jasho la mzee, haikufikia bei ya seti moja ya matairi mapya. Na ukitoa zile globu zangu za wazimu na swichi niliyoyeyusha, ingekuwa chini zaidi.

NILIRUDI NJIA ILE

Mwezi Novemba mwaka ule ule tukaenda Morogoro tena, safari hii kwa shangazi mwenyewe aliyekuwa anaumwa. Tulirudi usiku kwa sababu ya lazima, siyo ukaidi, na baba alijua. Kabla ya kuondoka nilifuta kioo cha mbele ndani na nje, na vioo vya taa, maana vumbi nalo ni mwizi.

Karibu na pale pale Bwawani mdogo wangu akanyamaza. Na mimi nikanyamaza. Mbele likaja lori, taa kubwa. Safari hii nilifanya nilichofundishwa: nikapunguza mwendo kabla halijafika, macho nikayaweka kwenye ukingo wa kushoto wa barabara, siyo kwenye taa zake. Lilipopita nikawasha taa kubwa.

Baiskeli. Mbali kule. Magunia mawili. Niliona miguu inazunguka pedeli, nikaona na kofia. Nilikuwa na muda wa kupunguza, kumpisha nafasi, na bado ukabaki muda wa kuvuta pumzi.

Nilisimama mbele yake nikamsubiri. Hakuwa yule mzee, alikuwa kijana wa miaka kama ishirini, akaniangalia kwa wasiwasi kama mtu anayeona gari la jambazi. Mdogo wangu ndiye aliyeshuka. Alikuwa na utepe unaoakisi mwanga, ule mwekundu na mweupe wa kubandika nyuma ya malori. Alikuwa ameununua mwenyewe bila kuniambia. Akambandikia vipande viwili kwenye gunia na kimoja kwenye matigadi ya nyuma. Kijana akauliza ni bei gani.

"Bure, kaka. Tunakuomba tu usiutoe."

Tulipoondoka nikamtazama kwenye kioo cha nyuma. Daladala moja ilikuwa inakuja nyuma yake, bado iko mbali sana, na tayari ule utepe ulikuwa unawaka kama jicho la paka.

Sasa wewe mwenye mkweche wako unaoupenda, Datsun ya babu, Peugeot ya shule, Land Rover ya mishenari, najua usiku unajiambia kama nilivyokuwa najiambia mimi. Kabla hujakimbilia dukani, azima mita. Pima kwenye betri, pima kwenye globu. Jibu utalipata hapo, na huenda dawa yake ni kipande cha msasa. Na siku utakapokuwa huna uhakika na taa zako, lala huko huko kwenye sendofu. Keki huwa haiishi.